Kopo lisilo na jina, na wiki tano kabla ya sendofu

Shikamoo mama mshauri.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, nina miaka 28. Sendofu yangu imebaki wiki tano, na ndoa ni wiki moja baada ya hapo. Kamati imeshakaa vikao vinne, ukumbi umelipiwa nusu, vitambaa vya sare vimeshagawiwa. Nyumbani kila mtu anahangaika na chakula na kadi za michango. Mimi nahangaika na uso wangu.

Kwetu sisi ni weusi. Siyo maji ya kunde, ni weusi hasa, na tulipokuwa wadogo baba alikuwa akituambia kwamba rangi yetu haichuji hata ikifuliwa. Nilikua naamini hivyo. Shuleni, chuoni, sikuwahi kusimama mbele ya kioo nikajihurumia.

Miezi miwili iliyopita binamu yangu aliolewa, nikawa mpambe wake. Nilivaa gauni jeupe. Usiku ule mtu alinipiga picha kwa simu nikiwa mbele ya jukwaa, taa zote zikiwaka nyuma yangu, kisha akaituma kwenye kundi la WhatsApp la harusi yetu ili ndugu waone mapambo ya ukumbi. Kundi hilo lina watu wa pande zote mbili. Wifi yangu mtarajiwa akaandika: "Gauni nimeliona, aliyelivaa yuko wapi?" Vikafuata vicheko, vingi, hata vya shangazi zangu mimi. Mchumba wangu yumo kwenye kundi lile. Hakuandika kitu.

Wiki iliyofuata nilikwenda saluni kwa dada atakayenipamba. Akanishika kidevu, akaugeuza uso wangu huku na huku, akasema, "Mdogo wangu, hii ngozi tuifungue kidogo, la sivyo kwenye picha hutaonekana." Akanipa kopo dogo la plastiki lisilo na karatasi yoyote, ndani lina krimu ya njano. Shilingi 45,000. Nipake asubuhi na usiku, uso, shingo na mikono, kwa wiki sita. Akasema itawasha mwanzoni, ndiyo inafanya kazi. Alinieleza pia kuhusu sindano za kung'arisha, tatu kwa bei ya jumla, nikasema nitafikiria.

Leo ni siku ya 16. Mama, sitakudanganya, imefanya kazi. Chunusi za kidevuni nilizohangaika nazo miaka zimekauka ndani ya siku tano. Walimu wenzangu wananiambia harusi imenikubali. Na mchumba wangu juzi alinishika shavu akaniuliza, "Umefanya nini? Umependeza." Nilifurahi, kisha usiku nikalia, na hadi leo sijui nililia nini.

Lakini pia nikisimama paredi asubuhi na wanafunzi, jua linauchoma uso kama nimepakwa pilipili. Vifundo vya vidole vimebaki vyeusi vilevile, mkono ukaonekana kama umeungwa vipande vya watu wawili. Wiki iliyopita nilisafiri nikalisahau kopo nyumbani. Siku ya pili yake uso uliwasha, ukatoa vipele vidogo na kuwa mwekundu. Niliporudi nikapaka, vikatulia. Hapo nikaanza kuogopa.

Kilichonifanya niandike ni kingine. Jumamosi nilifungua kopo nikakuta alama za vidole ambavyo si vyangu. Ni mdogo wangu, ana miaka 16. Nilimfokea sana. Akaniangalia akasema, "Mbona wewe unapaka?" Sikuwa na jibu. Mama yetu alikuwa pale mlangoni, akasema tu kwamba liwa lipo kabatini, akaondoka.

Nifanye nini? Nimalizie hizi wiki tano halafu niache kabisa baada ya harusi? Niache leo niingie ukumbini na uso wa vipele? Tumepanga pia tusichelewe kupata mtoto. Na mchumba wangu nimwambie, au ni mambo ya kike yaishie saluni?

Bi Harusi Mtarajiwa, Morogoro

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa safari uliyonayo. Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza niliona barua kuhusu kopo. Mara ya pili nikaona ni barua kuhusu picha iliyotumwa kwenye kundi. Mara ya tatu nikabaki na mdogo wako, amesimama mbele yako na swali lake. Yote matatu nitayagusa, ila nianze na kopo, kwa sababu picha na maneno ya watu vinaweza kusubiri hadi wiki ijayo, na hilo unalipaka usiku wa leo.

Nilikuwa muuguzi kabla ya kushika kalamu hii, kwa hiyo nivumilie nikizungumza kama mtu wa wodini. Kilichomo ndani ya kopo lako sikijui, wala hakuna mtu anayeweza kukijua kwa kukitazama. Mkorogo una jina hilo kwa sababu umekorogwa: tyubu hii, krimu ile, na pengine unga wa tembe. Tangu 2019 kazi ya kusajili vipodozi nchini iko chini ya Shirika la Viwango, TBS, baada ya kazi hiyo kuondolewa mikononi mwa iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, na zebaki na haidrokwinoni, dawa ya kufifisha rangi ya ngozi, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi. Kopo lisilo na karatasi halijapita mikononi mwa yeyote wa kulikagua. Dada wa saluni mwenyewe huenda hajui analouza. Simtetei, ila wengi wao wanapaka kile kile wanachokuuzia, na sidhani alikukusudia ubaya.

Hata hivyo umenisimulia dalili, na dalili zinasema kitu. Chunusi kukauka kwa siku tano, uso kulainika na kung'aa haraka, halafu muwasho na wekundu mara tu unapokosa kupaka: hayo yananielekeza kwenye steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe wa ngozi ambazo daktari humwandikia mwenye pumu ya ngozi. Steroidi hubana mishipa midogo ya damu, ndiyo maana ngozi hupauka upesi. Hutuliza kila uvimbe, ndiyo maana chunusi zikanyamaza. Mojawapo ya zile kali kabisa, klobetasoli, maelekezo yake husema isizidi wiki mbili mfululizo wala gramu 50 kwa wiki, na usoni haishauriwi kabisa. Wewe uko siku ya 16. Ratiba uliyopewa ni siku 42, mara mbili kwa siku, uso na shingo na mikono yote.

Hapa nataka tulitazame pamoja wazo ambalo barua yako imelibeba bila kulihoji: kwamba ukiendelea, siku ya sendofu utakuwa na uso huu wa leo, au mzuri zaidi. Inawezekana. Lakini steroidi ya usoni ikizidi muda wake huleta chunusi zake yenyewe, vipele vidogo vyekundu vya umbo moja kuzunguka mdomo na mashavuni. Ngozi hukonda, mishipa myembamba ikaanza kuonekana, na mekapu juu ya ngozi ya namna hiyo haikai, inameguka. Nimewaona mabibi harusi waliofika wiki ya mwisho wakiwa hawawezi kuvumilia hata sponji ya poda. Kwa nani itatokea na kwa nani haitatokea, hilo huwezi kuliona mapema. Kwa hiyo usilipime kana kwamba upande mmoja kuna uso mzuri na upande wa pili kuna vipele. Vipele vinaweza kukungoja kwenye njia zote mbili, na tofauti ni kwamba ukianza kutibiwa leo una wiki tano za kupona.

Uwezekano wa pili ni haidrokwinoni. Hii madaktari wa ngozi huitumia, kwa kipimo kidogo na kwa muda maalumu, kutibu madoa. Katika mikorogo kipimo hakijulikani. Inayotumika kwa miezi na miaka huku mtu akitembea juani huweza kuleta weusi wa ajabu, kama bluu ya mkaa, mashavuni na kuzunguka macho, na weusi huo ni mgumu sana kuondoka. Madaktari wa Afrika Kusini waliuandika mwaka 1975, walipokuwa wakiwapokea wanawake waliopaka ili weupe uje, ukaja weusi wa namna nyingine. Siku zako 16 haziko huko. Nakutajia kwa sababu ya lile neno "nitaacha baada ya harusi", nami nitalirudia.

Wa tatu ndiye ninayemwogopa zaidi kwa ajili yako, kwa kuwa umesema mnataka mtoto mapema. Ni zebaki. Haina harufu wala haionekani kwenye krimu. Huizuia ngozi kutengeneza melanini, yaani rangi yake ya asili, kisha hupenya na kwenda kukaa kwenye figo. Mwenye mimba humpitishia mtoto tumboni, na anayenyonyesha hupitisha kwenye maziwa. Baadhi ya makopo yenye zebaki huandikwa onyo kwamba krimu isiguse dhahabu wala fedha, kwa kuwa zebaki hushikamana na madini hayo. Lako halina maandishi, kwa hiyo hata onyo hilo hukulipata, nawe una pete ya uchumba kidoleni. Na haikai kwa aliyejipaka peke yake. Mwaka 2010, California, Marekani, familia moja ilipimwa baada ya mmoja wao kuumwa, zebaki ikakutwa hata kwa watoto ambao hawakuwahi kupaka krimu ile. Ilitembea kwa taulo, kwa mashuka, kwa mikono na kwa hewa ya chumba. Sijasema kopo lako lina zebaki. Nasema kulijua hilo ni kazi ya maabara, na tumbo unalolitayarisha linastahili kazi hiyo ifanyike.

Kuhusu jua la paredi, umelieleza vizuri kuliko kitabu. Melanini ndiyo mwavuli ambao ngozi yetu huzaliwa nao. Ukiipunguza, unasimama juani bila mwavuli, na wewe kazi yako ni ya juani. Waulize ndugu zetu wenye ualbino jinsi jua la nchi hii linavyochoma ngozi isiyo na kinga. Huko Dakar, Senegali, madaktari wameripoti saratani za ngozi kwa wanawake waliojichubua kwa miaka mingi, kwenye sehemu zile zile zinazopigwa na jua: shingo, uso, mikono.

Sasa lile neno: nitaacha baada ya harusi. Mwanangu, naamini unalisema kwa dhati. Lakini umeshalionja jibu lake. Ulilisahau kopo siku mbili, uso ukawaka, ukarudi kupaka ili utulie. Hapo mkono ulipaka ili kuzima muwasho, weupe ulikuwa umeshawekwa kando. Wanawake wengi niliowahudumia walianza kwa ajili ya siku moja. Ikafika siku ya kwenda kuwasalimu wakwe, kisha ubatizo wa mtoto, kisha harusi ya mdogo mtu, na kila walipojaribu kuacha uso ulirudi mweusi kuliko mwanzo na wenye hasira, wakaona aibu kutoka nje. Mmoja nilimhudumia baada ya upasuaji wa kujifungua. Mshono wake ulikataa kufunga, kila tukisafisha unaachia, kwa sababu ngozi ya tumbo ilikuwa imekonda kama karatasi ya kufungia vitumbua. Alikuwa na miaka 31, na kwenye cheti hakuwa amesema kwamba anapaka, kwa aibu. Sikuelezi ili kukutisha. Nimemkumbuka tangu niliposoma mstari wako kuhusu mtoto.

Sindano nitazisema kwa kifupi. Nyingi zinazouzwa kwa jina la kung'arisha ni za glutathaioni. Huko Ufilipino, ambako biashara hii ni kubwa, mamlaka ya dawa imeonya hadharani kwamba hazikuidhinishwa kwa kazi hiyo na kwamba zinaweza kudhuru figo na ini na kuleta mzio mkali wa ngozi. Na sindano ya mshipani ikichomwa saluni, yako mambo mengine ya kuhofia hata kabla ya dawa yenyewe. Ulisema utafikiria. Umefanya vizuri kutoharakisha.

Basi njia zako ni zipi?

Ipo ya kuendelea, na hatari zake umezisikia. Ipo ya kuacha ghafla ukiwa peke yako nyumbani: kwa siku 16 mwili kwa kawaida hujirudi, lakini uso unaweza kuwaka wiki moja au zaidi, na wakati huo kishawishi cha kurudi kwenye kopo ni kikubwa kuliko leo. Ipo ya tatu, nayo ni kuacha ukiwa na mtu wa kukushika mkono, yaani daktari. Anza hospitali ya mkoa hapo hapo Morogoro, uliza siku ya kliniki ya ngozi. Wataalamu wa ngozi si wengi nchini, ila kituo cha mafunzo kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha tangu 1992, nao wametawanyika mikoani. Ikibidi Muhimbili, siku hizi kwa treni ya umeme Dar hata saa mbili hazifiki. Nenda na kopo lenyewe. Mwambie siku ulizopaka, mara ngapi, sehemu gani, na kwamba unatarajia kuolewa na kushika mimba. Mwombe akupime mkojo na presha, na kama anaona haja, damu. Najua unachohofia ni kugombezwa dirishani mbele za watu. Ukimpata wa kugombeza, mwambie kwa upole, "Daktari, nimekuja kwa sababu nataka kuacha." Sijaona wengi waliosimama na ukali wao mbele ya sentensi hiyo.

Kama utaacha, ngozi yako wiki za kwanza ichukulie kama kidonda kinachofunga. Maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo na manukato, mafuta ya mgando, basi. Usipake ndimu, dawa ya meno, wala baking poda ambazo dada zako watakushauri kwa mapenzi. Kofia pana au mwavuli kwenye paredi, mwalimu mkuu ataelewa ukimwambia una mzio. Krimu ya kukinga jua ukiipata, ipake asubuhi, hata sisi weusi tunaihitaji ngozi inapokuwa imejeruhiwa.

Na liwa la mama yako lipo kabatini. Nimelipenda sana neno lile, na jinsi alivyolisema akaondoka. Mimi nimekulia pwani, nimesingwa singo la liwa na manjano na marashi, somo akinikanda hadi nikasinzia. Singo halimfanyi mtu mweupe na halikuwahi kukusudiwa hivyo. Linaondoa taka na ngozi iliyokufa, linanukisha mwili, linampa bi harusi siku kadhaa za kuguswa na watu wanaompenda kabla ya kuondoka kwao. Ila subiri muwasho uishe kwanza, kisha ujaribu kidogo mkononi, maana hata manjano humwasha mwenye ngozi iliyochokozwa. Na mtakapofika kwenye hina, chunga piko: mara nyingi ni rangi ya nywele iliyokorogwa, na kwa ngozi uliyonayo sasa inaweza kuunguza mpaka malengelenge.

Nije kwenye picha, maana kopo lilitokea huko.

Umesema ulivaa gauni jeupe, umesimama mbele ya jukwaa, taa zote nyuma yako, na picha ilipigwa kwa simu. Mwanangu, katika hali hiyo hata aliye mweupe pee angetoka kivuli. Kamera haijui mtu ni nani. Inapima mwanga wote unaoingia, ikiona gauni jeupe na taa kali inadhani kuna mwanga kupita kiasi, basi inapunguza, na cha kwanza kumezwa ni uso. Angegusa uso wako kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga, simu ingepima upya na ungeonekana. Na jambo hili lina historia ndefu. Miongo mingi mafundi wa filamu za rangi walisawazisha mitambo yao kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, waliyoiita Shirley kwa jina la mwanamitindo wa kwanza. Ngozi nyeupe ndiyo iliyokuwa kipimo, za wengine zikatoka zilivyotoka. Kwa hiyo dada wa saluni aliposema hutaonekana kwenye picha, alikuwa anaona tatizo la kweli, akalitafutia dawa usoni mwako wakati dawa iko kwenye taa.

Zungumza na mpiga picha wenu sasa, kabla ya malipo ya mwisho. Mwombe akuonyeshe kazi alizowapiga watu weusi waliovaa nyeupe, zile za ukumbini usiku. Ukiona nyuso zimezama, una wiki tano za kutafuta mwingine. Mwombe mkutane nusu saa ukiwa na kitambaa cheupe, akupige, mtazame wote wawili. Mwambie mshereheshaji na mtu wa taa kwamba unataka mwanga mbele ya meza yako, usiwe wote nyuma. Zile picha za mchana mnaweza kuzipigia chini ya Uluguru saa kumi na moja jioni, jua likiwa laini. Mekapu nayo ijaribiwe kabla, rangi ipimwe kwenye taya na shingoni, si nyuma ya kiganja. Kama ngozi imetulia. Na upigwe picha na flashi siku hiyo ya majaribio, kwa sababu poda nyingine kwa macho ziko sawa, flashi ikiwaka zinakuwa majivu.

Lakini najua kwamba hata picha ikitoka nzuri namna gani, lile neno la wifi litabaki. Lilikuumiza, na vicheko vya shangazi zako viliuma zaidi, kwa sababu hao ni damu yako na rangi yako. Sijui wifi alikusudia nini. Mawifi hutaniana, na utani wa kundi huandikwa haraka na kusomwa kwa miaka. Unaweza kumpigia simu, sauti kwa sauti, ukamwambia, "Wifi, ile siku uliniumiza." Unaweza pia kuona kwamba bado hamjazoeana kiasi hicho, ukamwachia mama mkubwa alifikishe. Kila njia ina gharama yake, na unayemjua ni wewe.

Na mchumba wako. Hapa naomba nikuulize taratibu. Alinyamaza kwenye kundi, ukaujaza ukimya ule maneno yako mwenyewe. Kisha akakuambia umependeza, hilo nalo ukalijaza. Je, uliwahi kumuuliza alipoiona picha ile alihisi nini? Huenda hakuiona kama wewe. Huenda aliona aibu kumkemea dada yake mbele ya wazee. Huenda pia, na hili nalo tulikubali, anapenda ulivyo sasa na atalisema wazi. Kumwambia kuna hatari hiyo. Kutomwambia nako kuna yake: utalala kitanda kimoja na mtu ambaye taulo na shuka lake litagusa krimu hiyo, mkisubiri mtoto, na yeye hajui. Umeuliza kama ni mambo ya kike ya kuishia saluni. Ukifikiria figo na mimba, unadhani yanaishia saluni? Ulilia usiku ule kwa sababu alimsifu mtu, na wewe hukuwa na hakika kama mtu huyo ni wewe. Labda nimekosea. Lakini kama ni hivyo, yeye ndiye wa kuambiwa, kwa sababu ndiye aliyekuja kukuchumbia ukiwa na uso wa baba yako.

Nimemwacha mdogo wako mwisho kwa sababu kwake sina ushauri mwingi. "Mbona wewe unapaka?" Hilo si utovu wa adabu. Ameona dada yake, mwalimu, ambaye yeye amefanana naye rangi, akijipaka asubuhi na usiku ili apendeze, akajifunza bila kufundishwa. Ana miaka 16, bado anakua. Kufoka umeshafoka. Ungeweza kukaa naye ukamjibu kweli, ikiwemo ile sehemu ya picha, vicheko, na hofu uliyoipata uso ulipowasha. Huhitaji kuwa umeshaamua ndipo uzungumze naye. Na ukienda hospitali, nenda naye, kwa kuwa hata yeye amepaka, na hujui tangu lini.

Mwanangu, uamuzi wa uso wako ni wako, nami siuchukui. Ila kabla hujalala leo lihamishe kopo kutoka hapo lilipo. Lifunge kwenye mfuko wa plastiki, liandike tarehe uliyoanza kulitumia, liweke mahali ambapo mdogo wako hafiki, na usilitupe, daktari atalihitaji. Kisha ukapige hodi kwa mama yako umwambie akutolee liwa mlinuse tu. Niandikie ukishatoka kliniki, na uniambie mdogo wako alikujibu nini.